Kilomita Arobaini za Longonot

Nafula mwanangu,

Uko chumba cha pili unafunga mizigo kwa kelele ya mtu anayetaka asikike. Ile droo ya chini umeifungua na kuifunga mara kadhaa, na mimi najua haina kitu. Ningeweza kubisha mlango tuongee, lakini nikibisha utasema "niko sawa, Mama," nami nitasema "haya basi," na tutakuwa wanawake wawili waongo chini ya paa moja. Kwa hiyo naandika. Barua huwezi kuikatiza katikati uniambie nimeshasema hayo.

Sitakuambia habari ya sweta. Huko Olenguruone unakokwenda kazini kuna baridi, una ngozi, utajifunika. Sitakuambia utafute kanisa lipi, wala usile nini, wala mwenye nyumba umjibu vipi akikuletea maneno ya stima. Hayo nimeyaimba tangu ukiwa mdogo, na kama hayajaingia kwa sikio hayataingia kwa karatasi.

Nataka tuzungumze juu ya gari. Na juu ya baba yako. Kwa bahati mbaya ni jambo moja.

Juzi ulijaza tangi kwa pesa yako, mpaka pampu ikakatika yenyewe, ili hili gari letu tulilokupa likae tayari kwa safari yako. Baba yako akalichukua kwa safari yake ya mwisho nalo, kupeleka trei za mayai Naivasha kama ambavyo amefanya karibu maisha yako yote. Aliporudi, ukaenda kituo kile kile, pampu ile ile, ukajaza tena mpaka ikatike. Ikaingia lita kumi na tano. Ukarudi nyumbani umeshika simu kama askari aliyeshika kitambulisho cha mtu.

Ugali ulikuwa bado unatoa moshi. Ukamwambia, "Baba, Naivasha kwenda na kurudi ni kilomita mia na arobaini. Hii gari inaenda kumi na mbili kwa lita. Umechoma lita kumi na tano. Hizo kilomita arobaini zingine ulienda wapi?"

Baba yako akaweka tonge kwa sahani. Akanitazama mimi, hakukutazama wewe. Akasema, "Longonot."

Kisha akainuka akaenda kuangalia kuku, ambao walikuwa wamelala na hawakuwa wamemwita.

Mimi nikapaliwa na maji. Wewe ukanipiga mgongoni ukidhani nalia, ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mungu wa wajane ni Mungu wa wake walioonewa pia. Nafula, nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka maji yakapita puani, na kwa sababu sikuweza kusema neno, ukaniacha na huzuni yangu ukaenda kuipeleka hasira yako chumbani. Tangu hapo hujamsalimia baba yako. Umetangaza kwamba kesho utaondoka kwa gari la abiria, na hili gari libaki hapa na "safari zake." Mimi nimekaa siku mbili nikimwomba baba yako akueleze, na jibu lake ni moja tu. "Hesabu ni ya kwako. Mweleze wewe."

Huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye. Ukimshtaki, hajitetei. Anakaa na kosa lako mkononi kama mtu anayeshika mtoto wa jirani, anangoja tu mwenyewe aje amchukue. Inaudhi kuliko ugomvi.

Basi nimekuja kumchukua.

Ulikuwa darasa la pili wakati huo. Biashara yetu ya mayai nilikuwa nimeianza kwa trei moja niliyobeba kwa mkono, nikiuza kwa nyumba za Lanet, na watu wa ukoo wa baba yako wakisema nimewaaibisha. Trei moja ikawa kumi, kumi zikawa banda, banda likazaa hili gari jeupe. Lilikuwa limeshazeeka tulipolinunua. Mita ya kilomita ilikuwa imekufa kabla hatujakutana nalo, na mpaka leo inasoma namba ile ile, kama mama anayekataa kutaja umri wake. Mimi sikuwa najua kuendesha. Baba yako alikuwa dereva, mimi nilikuwa jikoni na kalamu. Umbali niliutoa kwa vibao vya barabarani, mafuta nikayatoa kwa risiti, na nikajua kwamba gari letu likipakia mayai huenda kilomita kumi na mbili kwa lita. Naivasha na kurudi, lita kumi na moja nukta saba. Ningeweza kuimba.

Halafu siku moja gari likachemka kwa kilima karibu na Gilgil. Mshale ukapanda mpaka kwa ile herufi ya hatari, mvuke ukatoka kwa boneti, baba yako akasimama kando ya barabara na trei zake akangoja lipoe. Hakufungua kifuniko cha rejeta likiwa moto, na hilo namshukuru, kwa maana kuna jirani yetu alifungua na hadi leo anavaa kofia. Alipofika akalipeleka kwa fundi mmoja hapo chini. Fundi akaingiza mkono, akazungusha spana, akatoa kitu kidogo cha chuma chenye springi, mfano wa kifuniko cha chupa. Akamwonyesha. "Mzee, hii ni themostati. Hii walitengenezea nchi ya theluji. Huku kwetu jua liko, haina kazi. Nikitoa hii, hii gari haitachemka tena."

Na kweli halikuchemka tena. Tukafurahi. Baba yako akampa fundi trei nzima ya mayai juu ya malipo.

Kuanzia wiki iliyofuata, risiti zikaanza kusema lita kumi na tano.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu unafikiri mimi ni mtu wa kurukia mambo. Sikurukia. Nilianza na gari. Nilimwuliza baba yako kwanza, akasema gari limezeeka ndiyo maana linakula. Nikamwambia mama yake mwenyewe amezeeka na anakula nusu ya alivyokuwa akila. Nikamwagiza apime upepo wa tairi. Ulikuwa chini kidogo, akaongeza. Lita kumi na tano. Nikamwambia atoe kichujio cha hewa akikung'ute, kikatoa vumbi la kutosha kupanda viazi. Lita kumi na tano. Plagi mpya. Lita kumi na tano. Nikasema lile rafu la chuma juu ya paa lishushwe, labda linapigana na upepo. Likashuka, kuku wakaligeuza kitanda, na bado lita kumi na tano. Nikamfanya ainue gari kwa jeki, azungushe gurudumu moja moja, tuone kama kuna breki imeshika. Yalizunguka yote bila shida.

Nilikuwa nimeondoa kila sababu ya gari. Ikabaki sababu ya mtu.

Nikachukua kalamu. Lita kumi na tano, kila lita kilomita kumi na mbili, ni mia na themanini. Safari ni mia na arobaini. Zimebaki arobaini. Mtu hakai huko aendako, lazima arudi, kwa hiyo ni ishirini kwenda na ishirini kurudi. Nikajiuliza, ukipita Naivasha ukaongeza kilomita ishirini, unafika wapi?

Baba yako alilelewa Longonot, kwenye nyumba za reli, wakati babu yako akifanya kazi pale. Anakujua kama kiganja chake. Na aliwahi kuniambia, tukiwa wachumba, kwamba kulikuwa na msichana pale aliyekuwa akimgawia miwa. Nilikuwa nimesahau habari ya miwa. Siku hiyo niliikumbuka yote, hadi urefu wa muwa.

Hakuna kitu kibaya kama hesabu iliyotoka bila baki. Ingebaki kilomita tatu ningesema labda nimekosea. Lakini ilitua Longonot sawasawa, kama ndege kwa kiota.

Sikumuuliza. Hapo ndipo wewe umenishinda, kwa maana wewe angalau ulimuuliza mezani, mbele ya kila mtu, bila aibu. Mimi niliacha kumwekea maji ya kuoga.

Unajua baba yako huoga alfajiri kabla ya kupakia mayai. Unajua pia asubuhi ya Lanet ilivyo. Nilikuwa namchemshia sufuria tangu tulipooana, nachanganya kwa beseni, naweka nje ya bafu. Nikaacha, bila maelezo. Siku ya kwanza nilisikia beseni likisimama kidogo chini ya mfereji, kisha maji yakimwagika, kisha pumzi ya mtu aliyekutana na mto. Akaoga hivyo wiki nyingi. Akawa mtu wa kimya zaidi, na yule si mtu wa maneno hata akiwa na furaha. Mimi nikaandika kimya hicho upande wa ushahidi.

Mwishowe nikaamua kwenda kuona kwa macho. Siku ya kupeleka mayai, yeye akatoka asubuhi, mimi nikatoka nyuma yake. Nikakuacha wewe na wenzako kwa jirani, nikasema naenda Longonot kwa shughuli. Nilisema ukweli kwa sababu sikufikiri kuna mtu atauliza.

Longonot ni kituo kidogo. Ukisimama katikati unakiona chote, na chenyewe kinakuona. Nikaingia hoteli moja iliyotazama barabara, nikaagiza chai, nikakaa mahali ambapo gari jeupe haliwezi kupita bila mimi kuliona. Mwenye hoteli alikuwa mama mnene mwenye kitambaa cha njano, wateja wakimwita Mama Wambui. Chai ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Ya tatu ikaja bila kuagizwa, naye akaja nayo akaketi.

"Mathe, wewe unangoja mtu ama unangoja mlima ulipuke?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini. Mtu usiyemjua ni kama shimo la taka, unamwaga tu. Akauliza huyo mzee anakaaje. Nikamwambia ni mfupi, mwembamba, ana sweta ya kijivu yenye kalamu mfukoni, anatembea kama mtu anayehesabu hatua, na haongei mpaka aulizwe mara mbili.

Mama Wambui akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mathe, nisikudanganye. Huyo hata akikuja hapa, ni nani atamtaka?"

Nafula, niliudhika. Nilikuwa nimesafiri kilomita tisini kumtafutia mume wangu hatia, na sasa nilikuwa nimekaa hotelini kwa watu nikimtetea. Nikamwambia huyo mama kwamba kuna wanawake wengi wangemshukuru Mungu. Nikamwambia hanywi, hapigi mtu, anajua kushona kifungo, na kwamba ile sweta nilimshonea mimi kwa mkono wangu, na kama ana neno juu ya sweta aniambie mimi. Mama Wambui akanitazama tu, akachukua kikombe. "Sasa kama ni mzuri hivyo," akasema, "unakunywa chai yangu ya nne ukifanya nini?"

Wakati ule ule gari jeupe likatokea barabarani. Letu. Lile lenye taa moja ya njano kuliko nyingine. Likapunguza mwendo, likakunja, likasimama mbele ya hoteli kabisa, na baba yako akashuka na sweta yake.

Sina haya kukuambia nilichohisi. Sikuhisi uchungu. Nilihisi ushindi. Kilomita mia na themanini, nikasema moyoni, hesabu haidanganyi. Nikatoka nje nimenyoosha kidole.

"Nimekushika."

Baba yako akasimama. Akanitazama mimi, akatazama hoteli, akatazama Mama Wambui aliyekuwa ametoka nyuma yangu na kikombe changu mkononi.

"Nilimaliza mapema nikarudi nyumbani," akasema. "Watoto wakasema uko Longonot. Nimekuja kukuchukua. Jua linaingia."

Mama Wambui akashika kiuno. "Kumbe ndiye huyu," akasema. "Hata mimi sasa ningemwekea chai."

Hiyo ndiyo safari ya kwanza baba yako alipeleka hilo gari Longonot, na aliipeleka kwa sababu yangu.

Tukapanda gari kurudi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikae kiti cha mbele. Siku zote hilo ni gari la mayai, na mayai hukaa mbele kuliko mimi. Tukapita Naivasha, upepo wa jioni ukaanza kuingia kwa miguu. Nikamwambia awashe joto la gari. Akawasha. Kikatoka kitu baridi kuliko nje. Nikamwambia hiyo imeharibika. Akasema, "Haijaharibika. Inatoa hivyo tu tangu fundi atoe ile kitu."

Ndipo nikainama nikaangalia mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kwa herufi ya baridi. Tukipanda, uliinuka kidogo kama mgonjwa anayesikia jina lake. Tukishuka, ulilala tena. Tulikuwa tumetembea mwendo wa saa nzima na injini haijapata joto.

Mimi sikusoma ufundi, lakini nimepika. Ukichemsha maharagwe na kifuniko wazi, makaa yanaisha na maharagwe hayajaiva. Nikamwuliza ile kitu ilikuwa inafanya nini. Hakujua. Kesho yake nikaenda mjini nikauliza duka moja la vipuri, duka la pili, la tatu, mpaka majibu yakafanana. Kile kichuma ni mlango. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yazunguke ndani tu yapate joto haraka. Yakishapata, kinafungua, maji yaende rejeta yakapoe. Ukikitoa, mlango uko wazi tangu asubuhi, na kwa hali ya hewa ya huku kwetu juu injini haipati joto lake kamwe. Na hizi gari zina kompyuta ndogo, inahisi maji ni baridi, inadhani bado ni alfajiri na gari ndilo tu limewashwa, kwa hiyo inaongeza petroli. Mchana kutwa inaongeza petroli. Lita zangu tatu na kitu hazikuwa na mwanamke. Zilikuwa zinaota jua.

Nami nilikuwa nimechunguza gari lote isipokuwa kupanda ndani likitembea.

Tukanunua themostati mpya. Lakini kabla ya kuitia nilitaka kujua kwa nini lilichemka mwanzo, kwa sababu yule fundi alitoa mlango bila kuuliza nani aliwasha moto. Baba yako akafungua mbele, akamulika kwa tochi. Rejeta ilikuwa imevaa manyoya. Manyoya, Nafula. Tunaegesha gari likiangalia banda la kuku, feni ikiwaka inavuta, na miaka yote hiyo kuku wetu walikuwa wamelishonea gari blanketi. Upepo haukuwa unapita. Tukaosha kwa maji ya taratibu kutoka ndani kwenda nje, tukatoa mfuko mzima. Themostati ikaingia, maji mapya ya rejeta yakaingia. Safari iliyofuata ya Naivasha ilichoma lita kumi na moja nukta saba. Longonot ikafutika kwa ramani.

Ilibaki mimi.

Ningesema nini? "Nisamehe, nilikupatia mwanamke kwa hesabu"? Kwetu hatuongei hivyo, na yeye angekimbia. Nikaamka alfajiri, nikachemsha maji, nikachanganya, nikaweka beseni pale pale. Nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Akatoka na taulo, akaliona. Akainama, akatia kidole, akakaa nacho humo muda.

Akasema, bila kugeuka, "Sasa mshale uko katikati."

Basi. Ndio kesi ilikwisha. Tukakubaliana lile jina la kituo halitatajwa tena katika nyumba hii mbele ya watoto, na baba yako ameshika ahadi miaka yote, mpaka ulipomwuliza juzi kuhusu kilomita arobaini. Ungemwuliza thelathini na tano, labda angenyamaza.

Ulipokuwa chuo uliniuliza kwa nini namchemshia maji mwanamume mzima mwenye mikono miwili, ukanipa hotuba, na hotuba yenyewe ilikuwa nzuri. Sikukujibu. Haya niliyokuandikia ndiyo jibu.

Sasa gari lako. Jana nililichukua kwenda sokoni, kwa kuwa siku hizi naendesha, nilijifunza mwaka ule ule na wewe unajua sababu. Mshale ulilala chini kwenda na kurudi. Asubuhi ya leo, likiwa baridi, nililiwasha nikafungua boneti nikashika ile paipu nene ya juu inayotoka injini kwenda rejeta. Kama mlango upo na ni mzima, paipu hukaa baridi dakika kadhaa huku injini ikijipasha, kisha inakuwa moto kwa mara moja. Yako ilianza uvuguvugu papo hapo, pole pole, bila adabu. Nikafungua dashibodi kutafuta tochi. Nikapata kile kichuma, kimefungwa kwa gazeti.

Kwa hiyo mwezi uliopita gari lilipokuchemkia kwa mlima wa Salgaa hukutuambia. Ulilipeleka kwa fundi. Na najua alichokuambia, neno kwa neno, habari ya theluji na jua letu, na ulimwamini, wewe ambaye umesomea kupima joto la maziwa na unaenda Olenguruone kulipwa kwa kazi hiyo. Sikucheki. Nimekaa kiti hicho. Kila mtu anaogopa mshale ukipanda. Ukilala chini tunasema asante Mungu.

Umetoa mlango wewe, ukahesabu hasara wewe, na ukamkamata baba yako. Hata hivyo hesabu yako ilikuwa sahihi, nataka ujue hilo. Nimeirudia mara mbili, kwa sababu nilikufundisha mimi na nilitaka kuona kama ulibeba vizuri. Ulibeba vizuri sana. Kilichobaki ni kwamba ukipata jibu lenye jina la mtu, panda gari na huyo mtu kwanza, ukae kiti cha mbele, uangalie mshale.

Leo mchana ulipokwenda kuaga rafiki zako, tumelitengeneza. Themostati ni mpya. Rejeta ilikuwa na manyoya tena, na hii mara ni ya kuku weupe. Mimi nilishika mpira wa maji. Aliyelala chini ya gari, kifuani matope, akifunga nati kwa ajili ya mtoto asiyemsalimia, sitakutajia. Amepima upepo wa tairi pia. Tangi liko chini kwa lita chache, usituulize. Tulilizungusha mpaka Njoro kuhakikisha mshale unakaa katikati, na unakaa.

Ukipanda Molo utauona ukitikisika kidogo, usiogope, huo ni mlango ukifanya kazi. Huko juu usiegeshe ukiangalia banda la mtu.

Kesho mimi sitaamka kuchemsha maji. Nimemwambia baba yako kiuno kinaniuma, na ameniamini, au amejifanya ameniamini. Sufuria kubwa iko nyuma ya mlango wa jikoni. Beseni ni lile la bluu. Ukisikia mlango wetu wa nyuma ukifunguliwa umechelewa, kwa hiyo amka mapema kidogo. Usimtayarishie maneno, atakimbilia kwa kuku. Weka tu pale nje ya bafu, usimame mahali niliposimama mimi, na umpe muda wa kutia kidole.

Akisema chochote, uje uniamshe uniambie. Sitakuwa nimelala.

Mama yako, mwenye hesabu zake na kiuno kisichouma